Karatasi ya Vidole Iliyorudishwa

Kama una mtoto mchanga ambaye mdomo wake wa juu umepasuka na maziwa yanamtokea puani, anza na kijiko. Mengine nitayaeleza, maana mimi si mtu wa maneno machache, lakini kijiko kwanza. Mkalishe mtoto wima, kichwa kiegemee mkono wako. Kamua maziwa yako ndani ya kikombe safi, umnyweshe kidogokidogo, usimharakishe. Atapaliwa, atakohoa, utalia. Endelea. Binti yangu leo ana miaka minane, na juzi mwalimu wake aliniita shuleni kulalamika kwamba hanyamazi darasani. Nilimsikiliza kwa furaha hata akadhani namdharau.

Alizaliwa mwanzo wa mvua, wiki ile uyoga wa kwanza ulipoanza kuuzwa kando ya barabara. Tulikuwa tunakaa Kampemba, hapa Lubumbashi. Mume wangu, Ilunga, alikuwa fundi mwashi wa tanuru kwenye kiwanda cha shaba. Kazi yake ilikuwa kujenga upya matofali ya ndani kila tanuru ilipopoa. Kwa hiyo nilijifungulia hospitali ya wafanyakazi. Mkunga alimfunika mtoto uso kabla ya kunipa, nami nikafunua. Mdomo wa juu ulikuwa umegawanyika upande wa kushoto hadi ndani ya pua, na alipolia niliona kwamba hata kaakaa lina ufa. Nasema ukweli: nilimrudishia mkunga. Zilikuwa dakika chache tu, kisha nikamwomba tena, lakini dakika zile bado ninazo.

Mama mkwe alikuja jioni. Jina lake ni Ngoie, ila watu wote walimwita mama Ilunga, kwa jina la mtoto wake, kama ilivyo kwetu. Mwanamke akishazaa hapa, jina lake mwenyewe linawekwa kando, anakuwa mama wa fulani. Na kwao, upande wa kaskazini mwa Katanga, msichana wa kwanza wa mtoto wa kiume huchukua jina la bibi yake mzaa baba. Mama mkwe alikuwa amelingojea jambo hilo kwa hamu. Alikuwa ameshona kofia ndogo ya kitambaa cheupe. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kofia ikiwa mkononi, kisha akaniuliza, "Ulipasua samaki?"

Nilikuwa nimepasua. Mimi ni mtu wa Kilwa, kando ya ziwa Mweru. Nikiwa na mimba ya miezi minne nilikwenda kwetu kumzika baba, na pale matangani nilikaa na dada zangu tukipasua samaki wa kuwalisha watu. Ningekaa nikitazama kama mgeni?

"Nilijua," alisema mama mkwe. "Muntu wa mimba hapasuake kintu yenye iko na macho."

"Na jina, mama?" Ilunga aliuliza.

"Jina tutaona kisha." Kofia aliirudisha mfukoni.

Hivyo mtoto hakupata jina. Kwenye kadi ya hospitali waliandika "mtoto wa Musonda", maana Musonda ndilo jina langu, na nyumbani alikuwa Bebe tu. Mimi nami sikuwa mama wa mtu. Wanawake niliochota nao maji kwenye bomba walikuwa mama huyu na mama yule. Mimi niliendelea kuwa bibi ya Ilunga, mke wake tu. Unaweza kusema ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo.

Kila Alhamisi tulikwenda kumpima uzito. Mpasuaji alikuwa amesema kwamba atamshona mdomo akifika kilo tano, si kabla ya hapo. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi mawili, picha ya Rais ukutani na dirisha lililoonyesha bomba kubwa la moshi la kiwanda. Niliijua kila rangi iliyobanduka ukutani pale. Akina mama walinisogelea kumwona mtoto, wakafunua kitambaa, kisha wakakumbuka jambo la kufanya kwenye benchi la pili. Mmoja alihama na chupa yake ya chai iliyokuwa bado haijafunguliwa.

Aliyenifundisha kijiko ni muuguzi Mama Zaina, mwanamke mpana wa familia ya Kiislamu ya watu wa Maniema. Alimchukua mtoto mikononi mwangu bila kuomba ruhusa. "Ziwa muache," aliniambia. "Huyu kinywa yake haiwezi kuvuta. Anakufa na njaa na chakula iko hapa kwa uso yake. Angalia mikono yangu." Nilitazama mikono yake asubuhi nzima. Nilipotoka nilikuwa najua kumlisha mtoto wangu, na njiani nililia kwa ahueni, mvua ikinisaidia watu wasijue.

Mwezi wa kwanza wa mwaka akaja daktari kijana kutoka chuo kikuu. Siku zile hakuna aliyekuwa bwana wala monsieur, sote tulikuwa citoyen, yaani raia, kwa hiyo tulimwita Citoyen Docteur. Alikuwa akichukua alama za vidole vya watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, na za wazazi wao. Alinieleza kwamba mistari ya vidole inachorwa mtoto akiwa tumboni, siku ambazo hazipo mbali sana na siku mdomo unapofungwa. Alitaka kujua kama alama hizo mbili zina habari moja. Ndiyo yote niliyoelewa, na mengine sitajidai.

Tatizo ni wino. Kwetu, kidole gumba kimoja kwenye wino ni kitambulisho. Vidole vyote kumi ni polisi. Na mtaani ilisemwa kwamba kule polisi mwenye kosa karatasi yake inabaki, asiye na kosa anarudishiwa ya kwake. Sijui kama ilikuwa kweli. Tulijua hivyo, basi.

Nilikubali kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa kitu chochote hospitalini pale. Vidole vya Bebe vilikuwa vidogo kuliko punje za mahindi, na amevikunja. Mama Zaina alimsugua mgongo wa mkono hadi akavifungua, na bado tuliharibu karatasi nne. Zilipokauka alinionyesha. "Hii iko kamba," alisema, mistari ilipoingia na kurudi. "Hii iko maji ya kuzunguka. Na hii iko kilima." Vidole vyangu karibu vyote vilikuwa maji ya kuzunguka. Bebe alikuwa na kilima kwenye vidole gumba vyote viwili. Nilijitafuta kilima kwenye karatasi yangu, sikukiona, na sikujua kama nifurahi.

Wiki iliyofuata alikwenda Ilunga. Alirudi nyumbani na karatasi yake mkononi. Ilikuwa na madoa kumi meusi, matupu, bila mstari hata mmoja. Citoyen Docteur alikuwa amejaribu mara tatu, akamrudishia na kumwambia aende tu.

Mama mkwe aliichukua karatasi ile, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. "Yako banarudisha," alimwambia mtoto wake. Kisha akanigeukia. "Yako iko wapi?"

"Ilibaki, mama."

"Na ya mutoto?"

"Ilibaki nayo."

Mama mkwe aliikunja ile ya Ilunga, akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Jumapili, baada ya misa, aliitoa kuwaonyesha akina mama wenzake: karatasi ya mtoto wake haina kitu, imerudi, ya mke na ya mtoto hospitali imeshika. Hakuna aliyehitaji kuelezewa. Ubaya wa jambo hili ni kwamba hata mimi niliamini. Usiku na mchana nilivitazama vidole vyangu nikavichukia, nikakumbuka kisu, magamba, samaki mmoja baada ya mwingine.

Ilunga ni mtu mwema, lakini siku zile wema wake ulikuwa wa kukaa kimya. Nilipomwuliza anaamini nini, alisema, "Acha mama atulie kwanza." Mama hakutulia. Katikati ya mvua alisema mbele yetu wote wawili kwamba baada ya Pasaka ingefaa niende Kilwa kupumzika. Kila mtu anajua mapumziko hayo ni ya namna gani. Mtu anapumzishwa pamoja na masufuria yake.

Sikuogopa Kilwa. Ni kwetu, na wangenipokea. Nilichoogopa ni kadi. Hospitali ilikuwa ya wafanyakazi, na kadi ilikuwa ya Ilunga. Iliwafaa mke na mtoto waliokuwa nyumbani mwake tu. Nikitoka kwa Ilunga, nimetoka hospitalini. Kilwa hakukuwa na mtu wa kushona mdomo wa mtoto, na barabara ile wakati wa mvua lori lilikuwa linalala njiani siku tatu, nne. Bebe alikuwa na kilo tatu na nusu. Nilihesabu Alhamisi zilizobaki hadi Pasaka, na hazikutosha.

Alhamisi moja Mama Zaina aliniuliza kwa nini nimekonda kuliko mtoto. Nikamwambia yote, hata kitabu cha sala. Alinisikiliza akiwa ameshika mizani, kisha akaingia kwa Citoyen Docteur. Alipotoka alisema, "Mama ya bwana yako angali muzima? Dokta anasema baba kama hana alama, tunatafuta mama yake. Mulete." Nikamwambia hatakuja. "Muambie tu," alisema.

Nilimwambia. Akakubali mara moja, na nilishangaa, hadi nilipoelewa kwamba anaifuata karatasi yake. Alitaka na yeye arudishiwe, aiweke pamoja na ile ya mtoto wake, ukoo mzima uwe safi.

Alikwenda amevaa kitenge chake cha sikukuu. Mikono yake ilikuwa mikono ya jembe. Alikuwa na shamba la mihogo upande wa Annexe, na alilima mwenyewe. Mama Zaina aliiloweka ndani ya maji ya moto yenye sabuni, akaikausha, akaanza kidole kimoja kimoja. Mama mkwe alikaa wima kama yuko kanisani. Karatasi ilipojaa, Mama Zaina aliilaza mezani ikauke, kando ya karatasi ya Bebe.

"Yangu munarudisha saa ngapi?" mama mkwe aliuliza.

"Haturudishe, mama," alisema Citoyen Docteur. "Yako iko muzuri sana. Tunaweka."

"Na ya Ilunga mulirudisha."

"Ya Ilunga haikusomeka. Matofali ya tanuru imekula bidole yake yote, iko laini kama kioo. Karatasi bila mistari nitafanya nayo nini? Nilimupatia atupe."

Mama mkwe aliweka mikono yake mapajani. Mama Zaina, ambaye sijui kama ni hila au ni mazoea tu, aliweka kidole juu ya karatasi moja, kisha juu ya nyingine. "Angalia kidogo," alisema. "Kilima. Na huyu naye, kilima. Kidole gumba kile kile." Nilitazama. Hata mtu asiyejua kusoma angeona.

Citoyen Docteur alisema haraka, "Bamama, karatasi haihukumu muntu. Tunatafuta tu, pengine hatutaona kintu. Kilima iko kwa bantu wengi." Akanyoosha kidole gumba chake mwenyewe mbele ya dirisha. "Yangu ndiyo hii. Na kinywa yangu iko nzima, munaisikia." Mama Zaina alicheka. Mama mkwe hakucheka. Aliomba kwenda kukaa nje.

Tulikaa kwenye benchi la chumba cha kungojea, mtoto mapajani mwangu. Tangu Bebe alipozaliwa nilikuwa nimeweka akiba ya maneno kwa ajili ya siku kama ile, maneno makali, nimeyanoa vizuri. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

"Miye nilizala mutoto mbele ya Ilunga," alisema, akitazama ukuta. "Mwanamuke. Kinywa yake ilikuwa hivi."

Nilimsogeza Bebe karibu na kifua.

"Nilimupa ziwa, hakuweza. Nilimupa tena. Maziwa inatokea mu pua. Bamama bakasema uache, Mungu anamutaka. Siku ya tano akaenda." Alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua. "Bwana yangu alikuwa safarini ku reli. Nilimuambia ni homa. Kijiko tulikuwa nayo mu nyumba, Musonda. Hakuna muntu aliniambia kijiko."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu bila kulitafuna. Nilimwuliza yule mtoto aliitwa nani.

"Hakufika ku jina."

Muuguzi aliita wagonjwa wawili, wakaingia. Kisha mama mkwe akasema, kama mtu anayekamilisha hesabu, "Na kule kwetu, samaki tulikuwa tunasikia tu habari yake."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilikaa ndani yangu pamoja, na kwa miezi kadhaa havikuhama. Ninakuambia wewe unayesoma ili usijilaumu ikiwa na kwako ni hivyo. Saa ya kumlisha Bebe ilifika, nikatoa kikombe. Mama mkwe alinyoosha mkono, wino bado umo ndani ya kucha. "Nipe kijiko," alisema. Alimlisha polepole kuliko mimi, na hakumwaga tone.

Nyumbani alitoa karatasi ya Ilunga kwenye kitabu cha sala, akawashia mbabula, jiko letu la makaa, akapika ugali juu ya makaa yake. Habari ya Kilwa haikutajwa tena. Ilunga aliniuliza kimetokea nini hospitalini. Nilimwambia amwulize mama yake, na nadhani alimwuliza, kwa sababu waliongea peke yao uani na alirudi ndani macho mekundu. Kuanzia siku ile mama mkwe ndiye aliyemlisha saa za mchana, na kwenye benchi la Alhamisi mama yeyote aliyehama alipata maneno yake.

Kuhusu yatakayokukuta, nieleze kwa ufupi. Mdomo unashonwa kwanza. Mtoto atafungwa mikono kwa vipande vya katoni ili asiguse nyuzi, na atakutazama kana kwamba umemsaliti. Uso wake utabadilika kwa siku moja, na utaukosa ule wa zamani, jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kaakaa la wangu lilishonwa miaka miwili baadaye, wakati wa baridi. Masikio yalimsumbua sana. Maneno yalichelewa, yalipitia puani, na watoto wa mtaani walimwiga hadi bibi yake alipowatokea na mwiko. Kovu lipo. Ana aibu nalo siku za kupigwa picha tu. Citoyen Docteur alihamishwa mwaka uliofuata, na sikusikia kama vile vilima vyake vilimwambia kitu au la. Binafsi sihitaji tena kujua.

Ila nataka kumalizia na asubuhi ya ile operesheni ya kwanza. Mvua zilikuwa zimekwisha, baridi imeanza kuuma, na mizani ilikuwa imesema kilo tano na kidogo juu. Siku mbili kabla, mama mkwe na Ilunga walitoka pamoja wakasema wanakwenda komine, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mambo ya karatasi. Sikuuliza; nilikuwa nafua vitambaa vya mtoto na nilikuwa na hofu ya kunitosha. Kadi ya hospitali Ilunga alikwenda nayo, akaipeleka mwenyewe kwa Mama Zaina.

Tulikaa kwenye benchi lile lile, sisi watatu na mtoto. Mama mkwe ndiye aliyembeba. Bebe alikuwa amevaa kofia nyeupe ya kitambaa, imeshambana kidogo. Mama Zaina alifungua mlango, akasoma kwenye kadi.

"Ngoie."

Mama mkwe alisimama. Nilidhani wanamwita yeye kwa mambo ya vidole tena, na nilikasirika, leo hii, kweli?

"Mama, ninaita mugonjwa," Mama Zaina alisema.

"Tuko babili," alijibu mama mkwe. "Leo anaingia mudogo." Akaja akaniwekea mtoto mikononi, akamnyoosha kofia.

Mama Zaina alishikilia mlango kwa kiwiko. "Mama Ngoie, kuja basi, banakungojea," alisema, na nilibaki nimekaa, nikimtazama mama mkwe, hadi Ilunga aliponigusa bega nikajua kwamba ninaitwa mimi.